Buluu ya Saawariya

Saawariya (2007) niliitazama Arash, kwenye kibanda cha video, jenereta likinguruma nje. Sanjay Leela Bhansali alichukua hadithi ya Dostoevsky, akajenga mji mzima studioni, akautia buluu. Raj anampenda Sakina. Sakina anamngoja Imaan. Wenzangu wakacheka: jamaa fala kweli! Mimi kimya. Mwaka ule nilikuwa namwandikia binti wa jirani barua za mchumba wake aliyekuwa Arusha. Maneno yalikuwa yangu, jina lake. Mchumba akarudi, wakaoana, nikala nyama ya harusi.

Waliosema filamu ile ni rangi tupu, sawa, siwabishii. Ila Raj alipomwachia Sakina aende, kwa mara ya kwanza sikujiona mjinga.