Sahani Adimu ya Santuri

Msomaji wangu, kila kitu kina thamani mbili. Ya kwanza hutajwa sokoni na muuzaji. Ya pili huijua yule aliyekitolea kitu hicho jasho lake. Mara nyingi thamani hizi hazilingani, na mtu asiyezipambanua aweza kununua ganda akaacha tunda.

Ipo sahani ndogo ya santuri, upana wake inchi 7, ambayo wakusanyaji huitafuta kama wazamiaji watafutavyo lulu. Jina lake ni Minor Disturbance, na ndani yake mna nyimbo 8 fupi za bendi ya The Teen Idles, ya mji wa Washington huko Marekani. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Leo mwenye nayo moja aweza kudai mamia ya dola. Muziki wake ni wa namna iitwayo hadikoo: magitaa hukwaruza, ngoma hukimbia, na mwimbaji hupaza sauti kama mtu aonaye moto. Nilipousikia mara ya kwanza masikio yangu yalipata taabu. Lakini habari ya kuzaliwa kwa sahani hiyo ilinivuta kuliko sauti yake, nami napenda uisikie.

Wanabendi walikuwa vijana wanne, waliokupita umri kidogo tu. Kwa sababu ya udogo wao, kumbi za muziki zilizouza pombe ziliwafungia milango. Mwaka 1980 walisafiri kwa basi mpaka California, na huko San Francisco ukumbi wa Mabuhay Gardens uliwakubalia kwa sharti moja: kila mmoja achorwe alama ya X mkononi, ili asiuziwe kileo. Waliporudi kwao walizisihi kumbi za Washington zifanye vivyo hivyo. Hivyo alama ya kukatazwa ikawa ufunguo wa mlango, na mikono yenye alama hiyo ikawa picha ya jalada la sahani yao.

Mwishoni mwa mwaka huo bendi ilivunjika. Fedha walizolipwa kwa kupiga muziki walikuwa wameziweka pamoja, zikafika kiasi cha dola 600. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Kila mmoja angaliweza kuchukua dola 150 akaenda zake, wala asingalilaumiwa. Hawakugawana. Fedha yote waliitumia kutengeneza sahani ya bendi iliyokwisha kufa, ikatolewa kwa jina la Dischord, kampuni changa iliyoongozwa na wawili wao, Ian MacKaye na Jeff Nelson. Majalada waliyakata, wakayakunja na kuyagandisha kwa mikono yao na ya rafiki zao.

Akiba haiozi. Fedha iliyorudi ilisaidia kutoa sahani za bendi nyingine za mji ule. Mwaka 1985 kampuni hiyohiyo ilitoa sahani ya Rites of Spring, bendi iliyotia majonzi ya moyo katika ukali wa hadikoo. Na wengi huhesabu kwamba hapo ndipo ulipochipuka muziki uitwao emo.

Nyimbo za sahani ile ya kwanza si adimu tena, kwani zilitolewa upya mwaka 1984. Alipaye mamia ya dola hanunui wimbo. Hununua karatasi iliyokunjwa kwa mikono ile. Simcheki, maana kuheshimu kazi ya mikono ni jambo jema. Lakini kilicho adimu kweli hakiuzwi mnadani: ni fedha iliyo mbele ya watu wanne, chama chao kimekwisha, na hata mkono mmoja haukunyoshwa kuchukua fungu.

Wewe nawe utaingia katika vyama, na vingine vitavunjika mbele ya macho yako. Siku hiyo, kabla hujauliza fungu lako ni kiasi gani, uliza fedha hiyo ikikaa pamoja yaweza kuzaa nini.