Mawe Mawili Mezani

Kwenye meza yangu ya kazi kuna mawe mawili. Jeupe nililiokota Pangani, kwenye ukuta ulioanguka wa nyumba ya bibi mzaa mama. Jeusi nililitoa kwenye kihamba cha baba, Marangu. Wageni wakiuliza ni ya nini, najibu, "Hao ni wazazi wangu."

Ni utani, lakini si utani sana.

Jiwe jeupe ni la miamba tabaka. Matumbawe, makombe na mchanga vilirundikana baharini, kimoja juu ya kingine, chokaa ikavishikamanisha, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Ukilisogeza karibu na jicho unamwona konokono wa baharini, umbo lake lote. Kwa mawe ya namna hii ulijengwa Msikiti Mkuu wa Kilwa, na Fort Jesus ya Mombasa pia.

Jeusi ni jiwe la moto. Lilitoka tumboni mwa Kilimanjaro likiwa uji mwekundu, likapoa upesi. Vile vitundu vyake viliachwa na gesi iliyokuwa ndani ya uji. Humo usitafute konokono. Uji wa nyuzi zaidi ya 1,000 hauachi mfupa wala kombe.

Halafu jaribu ndimu. Likwangue jeupe kidogo, dondoshea maji ya ndimu, linatoa povu. Jeusi? Linalowa tu, basi.

Mama alikuwa hivyo. Alikumbuka nani alivaa nini kwenye harusi ya nani, na ukimgusa kidogo, machozi. Baba ukimgusa, kimya. Mama alipofariki hakulia mbele yetu, na kwa miaka mitatu hakumtaja kwa jina. Nilimkasirikia. Kazi yangu ni kuwafanya watu wasimulie, hata wasiotaka, halafu baba yangu mwenyewe hanipi sentensi moja! Nikajiambia, huyu ni jiwe la moto, hajahifadhi kitu.

Desemba iliyopita nilipanda Marangu na kinasa sauti. Nikakiwasha, nikamwuliza, "Baba, huwa unamkumbuka mama?"

Akanitazama kwa muda. "Njoo, mwanangu."

Tulipita katikati ya migomba hadi nyuma ya zizi. Palikuwa na kichaka cha asumini, kimezungushiwa mawe meusi, samadi mbichi shinani. Mama alikileta mche kutoka Pangani nikiwa shule ya msingi. Mimi nilidhani kilikufa zamani.

"Udongo huu haukatai kitu," baba alisema. Akang'oa magugu mawili, akarudi ndani.

Kumbe nilikuwa nimesoma nusu tu ya somo. Jiwe la volkano halitunzi mabaki, ni kweli, lakini mvua na mizizi vikilimega kwa maelfu ya miaka linaachia potasiamu, kalsiamu na fosforasi, na ndiyo maana vihamba vimebeba ndizi na kahawa kizazi baada ya kizazi. Jiwe la Pangani linakuonyesha aliyekufa. La Marangu linasagika, halafu linalisha kilicho hai.

Sijui kama baba angekubali kufananishwa na jiwe. Sijamwuliza, na sidhani angejibu.

Ile rekodi ninayo bado. Ina swali langu, majani makavu ya migomba yakikanyagwa, na yale maneno yake machache. Nimeshindwa kuifuta.