Kocha msaidizi anapopewa timu

Kocha mkuu wa timu moja ya watoto wa chini ya miaka 15 huko Picha ya Ndege, Kibaha, alipopata kazi Morogoro, wazazi waliitana Jumapili jioni pembeni mwa uwanja. Ajenda ilikuwa moja: nani ashike timu?

Wengi walitaka kocha kutoka Dar es Salaam, na baba mmoja alishaanza kuandika majina ya wachangiaji. Kocha msaidizi, kijana wa bodaboda aliyekuwa na watoto hao kwa miaka minne, alikaa kando akiziba mpira uliotoboka.

"Mpole mno huyu. Watoto wamemzoea, hawatamheshimu," alisema mzazi mmoja bila hata kupunguza sauti.

Mama mmoja muuza chapati alinyoosha mkono. Mwanawe ana pumu. Akauliza, kocha mgeni atajua lini kwamba mtoto huyo akishika kiuno anahitaji dawa yake ya kuvuta, si kufokewa? Msaidizi yule huibeba mfukoni kila siku ya mazoezi, na hakuna aliyemwagiza.

Ilivyokuwa Taifa Stars

Hoja ya mama huyo haikuwa ya huruma tu. Januari 2024, kwenye Afcon nchini Ivory Coast, Taifa Stars ilifungwa 3-0 na Morocco katika mechi ya kwanza. Kocha mkuu Adel Amrouche akafungiwa na CAF, na timu ikakabidhiwa kwa msaidizi wake, Hemed Suleiman 'Morocco'. Hakuwa na muda wa kufundisha mambo mapya, lakini wachezaji aliwajua. Stars ikatoka sare ya 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na DR Congo. Novemba 19 mwaka huohuo, chini yake, iliifunga Guinea 1-0 jijini Dar es Salaam kwa bao la Simon Msuva na kufuzu Afcon iliyofuata.

Hata hivyo, Novemba 2025, kabla ya fainali hizo, TFF iliachana naye na timu akapewa Miguel Gamondi. Kupandishwa kutoka ndani hakumpi mtu hati ya kumiliki kiti. Kunampa nafasi ya kuanza akiwa anaijua kazi na watu wake; baada ya hapo hupimwa kama kocha mwingine yeyote.

Makubaliano

Wazazi wakaamua kumpa kijana yule timu hadi mwisho wa msimu. Michango ya kumleta mgeni ikaelekezwa kwenye ada ya kozi ya leseni ya daraja D, ya chini kabisa katika ngazi za CAF. Naye aliomba mawili: achague msaidizi wake mwenyewe, na mzazi yeyote asimpigie simu usiku kuulizia namba ya mwanawe. Wote waliitikia.

Mechi ya kwanza, mtoto wa muuza chapati akawekwa benchi.

Mama yule hakuamini. Si ndiye aliyempigania? Usiku aliishika simu, akalitafuta jina la kocha, kisha akakumbuka alichoitikia kikaoni. Akaiweka chini. Asubuhi alimuuliza mwanawe kwa nini hakuanza.

"Wiki nzima sikuwa narudi kukaba. Kocha aliniambia mapema," mtoto alijibu akinywa chai, wala hakuonekana kununa.

Hapo ndipo wengi wanaopandishwa kutoka ndani hukwamishwa. Waliowapigania hutaka walipwe fadhila, na waliowazoea huendelea kuwaona wasaidizi. Ni sawa na mzazi anayemwachia binti mkubwa nyumba, kisha kila anachoamua binti kwa wadogo zake anakitengua kwa simu. Wadogo wataacha kumsikiliza, na kosa halitakuwa lake. Mzazi, ukishampa mtu kazi, mwachie na uamuzi wake.

Mechi ya tatu, mtoto aliingia kipindi cha pili. Alikimbia, akarudi kukaba, na dakika za mwisho akasimama akiwa ameshika kiuno. Mama alikuwa mbali, upande wa pili wa uwanja. Kabla hajainuka, kocha alishaomba mabadiliko, na mkono wake ulikuwa mfukoni.