Mpaka wa Mahali, Mpaka wa Siku

Neno 'mpaka' lina maana pacha. Likiwa nomino, hutaja mstari utenganishao nchi na nchi. Likiwa kihusishi, hutaja kikomo cha safari au cha muda: mpaka Mombasa, mpaka kesho. Upacha huo niliufunzwa darasani, lakini uzito wake niliuhisi mwaka 2023 nilipohudhuria warsha ya lugha Strasbourg, mji wa Ufaransa ulio ukingoni mwa mto Rhine.

Kutoka mjini humo, tramu huvuka daraja na kumfikisha abiria Kehl, Ujerumani. Nilivuka mara kadhaa na sikuulizwa lolote. Asili ya wepesi huo ni mkataba uliotiwa saini tarehe 14 Juni 1985 katika kijiji cha Schengen, Luxembourg, na mataifa 5: Ubelgiji, Ufaransa, Uholanzi, Luxembourg yenyewe na iliyokuwa Ujerumani Magharibi. Ukaguzi wa mipakani ulianza kuondolewa tarehe 26 Machi 1995, na leo eneo hilo lina mataifa 29.

Je, mpaka ulikufa? La hasha! Ulihama tu. Kwangu mimi ulianzia Nairobi, katika maombi ya viza: barua ya mwaliko, taarifa za benki, bima ya matibabu isiyopungua Yuro 30,000. Kisha ukageuka kuwa siku. Mgeni wa muda mfupi haruhusiwi kuzidisha siku 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Viza yangu ilikuwa ya siku 20, tena ya kuingia mara moja tu.

Siku hizo, dada yangu mkubwa aishiye Dublin alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, mbali na mama na shangazi zetu. Ayalandi ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya, ila haimo katika eneo la Schengen. Kwenda huko kulihitaji viza nyingine. Na lau ningetoka, ile ya kwanza isingenirudisha Strasbourg.

"Mdogo wangu, umefika Ulaya yote hiyo, si uje mpaka huku?" aliniuliza kwa simu.

Mtoto nilimwona kwenye kioo cha simu, amelala. Ningeweza kuvuka Rhine mara 10 kwa siku, lakini kumpakata mpwa wangu sikuweza.

Sidai kwamba mataifa hayana haki ya kujilinda. Nyumba haikosi mlango. Isitoshe, wenyeji wenyewe hawakusalimika. Mwaka 2020 korona iliifunga mipaka mingi ya ndani, na Septemba 2024 Ujerumani ilirejesha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu, Kehl ikiwemo. Kwa wageni nao, tangu tarehe 12 Oktoba 2025 mihuri ya pasipoti imeanza kuupisha mfumo wa alama za vidole na picha za uso, nazo siku huhesabiwa na kompyuta.

Basi wanafunzi wenzangu, tusomapo kwamba nchi fulani jirani zimefunguliana mipaka, tusiishie kwenye nomino. Tuulize pia habari za kihusishi: mtu huyu ameruhusiwa kufika mpaka wapi, na kukaa mpaka lini?