Jina la Mtunzi Katika Sahani ya Nyimbo

Wasomaji wetu, mavuno yakiisha kuingia ghalani, kwaya nyingi za vijiji vya Ufipa huenda Sumbawanga mjini ili nyimbo zao zirekodiwe. Siku hizi wengi huzichukua katika flashi au kadi ya simu, lakini wako bado wazee wapendao sahani, yaani CD. Katika hizo ndimo twaonamo jambo linalotusikitisha.

Mafundi husema kwamba "wanachoma" sahani, nao wasema kweli. Nuru ya leza huunguza utando wa rangi uliomo, na katika sahani ya kawaida palipoungua hapafutiki tena. Sisi Wafipa, ambao wazee wetu waliyeyusha chuma katika matanuru marefu yaitwayo malungu, hatuhitaji kuelezwa sana: kilichokwisha kupita motoni hakirudi kuwa kama kwanza. Basi majina na yaandikwe sawasawa kabla ya moto.

Twamjua mwalimu mmoja wa kwaya, sasa marehemu, aliyeacha nyimbo zaidi ya ishirini. Zaimbwa hata Namanyere na Mpanda. Lakini ukizifungua katika kompyuta, mahali pa jina la mwimbaji waona jina la duka na nambari ya simu, na wimbo wenyewe waitwa "Track 03" tu. Mjane wake alituuliza, "Waalimu, watoto hawa watajuaje kwamba nyimbo ni za baba yao?" Hatukuwa na jibu la kumfariji.

Chanzo chake ni hiki. Faili la MP3 lina mahali pa kuandikia habari za wimbo. Utaratibu wa kwanza, wa mwaka 1996, ulitoa nafasi ya herufi 30 kwa jina la wimbo, 30 kwa mwimbaji, 30 kwa mkusanyo, na tarakimu 4 za mwaka. Mtunzi hakupewa nafasi yake hata kidogo! Alipewa katika utaratibu wa pili, wa mwaka 1998, lakini mafundi wengi hupaacha patupu. Tena, faili likigeuzwa kuwa sahani ya muziki ichezwayo na redio yo yote ya CD, habari zile haziendi pamoja na sauti. Sahani za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, hazikuwa na majina, ila hesabu ya nyimbo na urefu wake. Njia ya kuandika majina ndani, iitwayo CD-Text, ilikuja mwaka 1996, na si kila programu huitumia. Ndiyo sababu kompyuta yenye intaneti hukisia majina kwa kulinganisha urefu wa nyimbo na orodha za mbali. Tulipata kuona sahani ya kwaya ya kijijini ikitokeza majina ya nyimbo za Kizungu. Vijana walicheka, sisi hatukucheka.

Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 yampa mtunzi haki ya kutajwa kwa kazi yake. Lakini sheria haiketi dukani pamoja na fundi. Afadhali katibu wa kwaya aende na karatasi iliyoandikwa vizuri: jina la wimbo, mtunzi, kwaya, kijiji, mwaka. Na aketi kando ya fundi mpaka yameandikwa yote, hasa majina ya Kifipa, ambayo kompyuta hudhani yamekosewa ikayapigia mstari mwekundu. Amwulize kama programu yake huandika CD-Text. Ikiwa haiandiki, na achomewe sahani ya pili yenye mafaili yenyewe ya MP3, kwa maana humo majina hubaki. Nayo huchukua nyimbo zaidi ya mia, hali sahani ya muziki huishia dakika 80.

Mwisho aandike juu ya sahani kwa kalamu ya wino yenye ncha laini, wala si kwa kalamu ngumu, kwa kuwa utando ule u karibu sana na upande wa juu, nao hukwaruzika upesi.