Maji Yanapomwagilia Lami

Atokaye Mwenge kwa Barabara ya Bagamoyo, kisha akakata kulia kuingia Mbezi Beach, hukuta mitaa tulivu yenye kuta ndefu na, nje ya kuta hizo, ukanda wa nyasi unaofika ukingoni mwa barabara. Baada ya Swala ya Alfajiri vinyunyizio huanza kugonga na kuzunguka. Mara nyingi ukuta hutota, vitofali vya njia hutota, lami nayo huogeshwa, ilhali pembe moja ya nyasi imekauka. Anayerejea msikitini hukunja kanzu yake na kuvuka upande wa pili.

Saa hiyo hiyo, upande wa Temeke, katika mitaa ya Mbagala, madumu ya lita 20 yamekwisha pangwa kisimani na mikokoteni inasukumwa kwenda kwa wanunuzi. Jiji ni moja, na sehemu kubwa ya maji yake ya bomba hutoka mto mmoja, Ruvu, unaoanzia milima ya Uluguru. Oktoba 2022 mto huo ulipopungua kwa ukame, DAWASA ilitangaza mgao.

Hatusemi nyasi zing'olewe. Kosa kwa kawaida ni la ufungaji. Kinyunyizio cha kugonga kina pete mbili za waya shingoni; ukizisogeza, kichwa hugeuka nusu au robo ya duara badala ya kuzunguka chote. Skrubu iliyo mbele ya tundu huyavunja maji yasiruke mbali. Yakitoka kama ukungu, presha imezidi: punguza koki hadi uone matone, kwa maana ukungu huchukuliwa na upepo wa bahari. Tena kifaa kikae ukingoni, kikitazama nyasi. (Kwa nini mafundi wetu hupenda kukisimika katikati, wao ndio wajuao.) Ukanda usiozidi hatua mbili hauhitaji kifaa; mpira wa mkono unatosha.

Mwenye shaka na apange makopo juu ya lami kwa robo saa, kisha ayamimine pamoja atazame. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, takriban kibaba, kipimo kisichofika lita moja. Kwa hesabu hiyo dumu moja ni udhu wa watu zaidi ya 20. Mbagala dumu hilo lina mwenyewe anayelingojea. Barabarani Mbezi hukauka kabla ya saa nne.

Wala asilaumiwe kijana wa bustani, ambaye hufungua koki kama alivyoagizwa na kuendelea na kazi nyingine. Mwenye nyumba ndiye atoke nje na bisibisi, asimame barabarani wakati maji yanaruka, atazame yanakoangukia.