Barua ya Kumwombea Mtu Nafasi

Katika utumishi wangu, ulioanza mwaka 1973 nilipotoka Chuo cha Ualimu Butimba na kukoma mwaka 2011 nikiwa mkuu wa shule ya sekondari ya wasichana, nimeandika barua nyingi mno za kumtambulisha mwanafunzi. Zilifanana kama mapacha. Namfahamu mtajwa hapo juu. Ni mtiifu, ana bidii, hana kumbukumbu ya utovu wa nidhamu. Apewe kila msaada. Kisha sahihi, kisha mhuri. Msomaji aliyewahi kuhangaika na ofisi zetu anajua kwamba mhuri ndio uliokuwa barua yenyewe. Hakuna aliyeniuliza huo utii niliuona wapi.

Ndiyo maana nilitatizika mwaka jana nilipoombwa barua ya namna nyingine kabisa. Binti mmoja niliyekuwa mkuu wake wa shule, aliyemaliza kidato cha nne mwaka 2009, alinipigia simu kutoka Texas, Marekani, ambako anafanya kazi za usiku kama msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, alisema anaomba nafasi ya shahada ya kwanza ya tiba ya upumuaji, na kwamba angependa mmoja wa watu watatu wa kumwandikia barua awe mimi.

"Tiba ya nini?" nilimwuliza.

"Ya kupumua, Mwalimu. Watu wanaoshindwa kupumua."

Nilidhani ni jina jingine la udaktari wa kifua. Sivyo. Kule ni taaluma inayojitegemea, yenye mitihani na leseni yake. Mtu huyo ndiye anayerekebisha mashine ya kupumulia iliyounganishwa na mgonjwa mahututi, anayevuta makohozi kwenye mpira ulio kooni, anayechukua damu katika mshipa wa ateri ili ijulikane ina oksijeni kiasi gani, anayempa mwenye pumu dawa iliyogeuzwa kuwa ukungu, na anayekimbia pamoja na wenzake moyo wa mgonjwa unaposimama. Huitwa pia chumba cha kujifungulia anapozaliwa mtoto njiti, ambaye mapafu yake hujikunja kwa sababu bado hayajatengeneza ute wa kuyaacha wazi. Kwetu mambo haya hugawanywa kati ya muuguzi, tabibu na mtaalamu wa usingizi, kila mmoja akiyafanya pamoja na mengine kumi.

Mimi nina tabia ya kutaka kujua kitu kimetoka wapi kabla sijakisema, basi nikasoma. Mwaka 1928, mjini Boston, msichana mdogo mwenye ugonjwa wa kupooza aliingizwa katika pipa la chuma lililobuniwa na Philip Drinker na Louis Agassiz Shaw, kichwa kikiwa nje, na pipa likawa linampumulia kwa kubadili mkandamizo wa hewa kifuani. Mwaka 1947, huko Chicago, wahudumu wa oksijeni waliunda chama chao. Wakati ule sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kusukuma mitungi kutoka wodi hadi wodi. Na mwaka 1963 mtoto wa Rais Kennedy, Patrick, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati wake, akaishi siku mbili tu kwa sababu mapafu yake hayakukomaa. Nilikuwa mtoto wa shule mwaka ule. Sikupata kufikiri kwamba Ikulu ya nchi tajiri kama ile iliwahi kukosa jambo ambalo leo linafanywa na mtu wa mshahara wa kawaida, akiwa zamu ya usiku.

Lakini lililonikaa zaidi ni la Copenhagen, mwaka 1952. Ugonjwa wa kupooza uliingia mji ule kwa kishindo, na hospitali ilikuwa na mashine chache mno kwa wagonjwa waliokuwa wakiletwa. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri mgonjwa atobolewe kooni, atiwe mpira, kisha hewa isukumwe ndani kwa mkono, kwa kuminya mfuko. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 12, na aliishi. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, wapatao 1,500 kwa jumla, wakapeana zamu kando ya vitanda, wakiminya mifuko mchana na usiku kwa miezi. Fikiri, msomaji: kijana wa miaka ishirini na kitu, mkononi ana pumzi ya mtu mwingine, akisinzia basi. Nilipomsimulia binti yule, alisema habari hiyo anaijua, na kwamba ndiyo iliyomfanya aache wazo la uuguzi.

Sasa maombi yenyewe. Yana hatua mbili, na wengi hujikwaa hapo. Mtu huomba kwanza chuo kikuu, akishakubaliwa huomba tena fani, kwa kuwa kukubaliwa na chuo hakumpi nafasi katika fani. Kabla ya hapo lazima awe amefaulu masomo ya utangulizi: umbile la mwili na utendaji wake, kemia, mikrobiolojia, hesabu, Kiingereza. Yeye aliyasoma kidogo kidogo kwa miaka minne katika chuo cha mtaa wao, asubuhi baada ya zamu. Kemia aliirudia, maana mara ya kwanza alama yake ilikuwa chini ya ile inayotakiwa. Nafasi ni chache kwa sababu inayoeleweka: mwanafunzi lazima afunzwe kando ya kitanda cha mgonjwa, na hospitali haiwezi kuzungusha wanafunzi mia moja kitanda kimoja. Ziko njia fupi zaidi. Stashahada ya miaka miwili bado inamruhusu mtu kufanya mtihani wa taifa wa fani hiyo. Yeye alitaka shahada. Alisema anataka siku moja afundishe, na hapo nilikosa hoja ya kumpinga.

Vyeti vya huku navyo vilitakiwa kupelekwa kwenye shirika la kulinganisha vyeti vya nchi za nje, na hapo kukazuka jambo la kuchekesha. Binti alipata daraja la pili, pointi 20. Kwetu, mwenye pointi 7 ndiye bingwa na mwenye 33 anashukuru Mungu. Kule wastani bora ni 4, na kadiri namba inavyopungua ndivyo aibu inavyozidi. Msimamizi wake kazini, mama mwema aliyekuwa akimsaidia kujaza fomu, alipoona pointi 20 alimpigia makofi. Nilitumia aya nzima ya barua yangu kueleza kwamba katika nchi yetu uchache ndio sifa. Nadhani ndiyo aya niliyoiandika kwa raha kuliko zote.

Sehemu zilizofuata hazikuwa za raha. Barua ilipitia kwenye tovuti, na tovuti haikutaka mhuri. Ilitaka nitie alama katika visanduku: je, mwombaji ni miongoni mwa asilimia 5 bora ya wanafunzi wote uliowahi kuwafahamu, au asilimia 10, au 25? Nimefundisha maelfu. Nilitia alama ya 10, kwa moyo mweupe, na naamini hiyo ndiyo haki yake. Kisha ukaja uwanja mtupu wenye maagizo: eleza tukio moja ulilolishuhudia mwenyewe, linaloonyesha jinsi mwombaji anavyofanya akiwa katika hali ngumu.

Lazima nieleze sasa jambo ambalo wale waliosoma barua yangu hawakulisoma.

Mwaka 2008, binti huyu akiwa kidato cha tatu, mdogo wake wa kiume wa miaka kumi alifariki kwa pumu, usiku, juu ya pikipiki, njiani kwenda hospitali ya wilaya. Mimi ndiye niliyemwita ofisini asubuhi ile kumpa habari. Sitaeleza ilivyokuwa. Alikwenda kuzika, akarudi baada ya siku tisa, akakaa kwenye dawati lake, na hakulizungumzia tena mbele yangu.

Maombi yake yalidai pia maelezo binafsi ya kurasa mbili: kwa nini umechagua fani hii? Alinitumia rasimu niisome. Ilikuwa nzuri, yenye habari ya wazee anaowahudumia, ya bibi mmoja mwenye mapafu yaliyochakaa ambaye hulala ameketi, ya vijana wa Copenhagen. Mdogo wake hakuwamo. Nilipiga simu.

"Umemwacha kusudi?"

"Kusudi, Mwalimu. Mshauri wa chuo aliniambia nianze na jambo lililonigusa, akasema wasomaji wa maombi hukumbuka habari za namna hiyo. Nilijaribu. Niliandika mara tatu. Kila nikisoma naona nimemtumia."

Nilinyamaza kidogo. Nilijua, kama alivyojua yeye, kwamba waombaji ni wengi, na kwamba maneno yale matatu, mdogo wangu alifariki, yangeweza kumtoa katika rundo la makaratasi. Tena uwanja mtupu ulikuwa mikononi mwangu. Nilikuwa shahidi halali. Ningeweza kuliandika mimi bila yeye kutia neno, na hakuna ambaye angesema nimedanganya. Wapo walimu wenzangu, watu ninaowaheshimu, walioniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya busara: mzee abebe aibu, kijana apate nafasi.

Mimi sikuliona hivyo, na bado silioni. Sifa za mtoto huyu ni zake, nami naweza kuzitangaza sokoni. Msiba wake nilikabidhiwa nikiwa mkuu wa shule, kama nilivyokabidhiwa siri za watoto wengine ambazo nitazikwa nazo. Na kuna jambo jingine. Msiba unaeleza kwamba mtu aliumia, basi. Anayelala hoi hospitalini, hana hewa, hahitaji kujua aliyesimama kando yake aliwahi kuumia kiasi gani. Anahitaji mtu ambaye mkono wake hautetemeki.

Na mkono huo niliwahi kuuona. Mwaka 2009, wiki chache kabla ya mitihani, niliamshwa saa nane usiku kwamba msichana wa kidato cha pili anakabwa na pumu bwenini. Matroni alikuwa amesafiri kwa ruhusa. Nilipofika na tochi, nilitegemea kukuta ghasia. Wasichana waliokuwa wakilia walikwisha kutolewa nje. Madirisha yalikuwa wazi. Mgonjwa alikuwa ameketishwa kwenye kiti, ameinamia mto uliowekwa juu ya meza, mikono imeegemea mezani, na binti yule amepiga magoti kando yake, ameshika saa ya mkononi ya kiranja, midomo ikihesabu. Dawa ya kuvuta ilikuwa imekwisha, nayo ilikuwa mezani, wazi, ili nione. Tulimpakia katika gari la shule. Kwenye zahanati tabibu wa zamu alipouliza kuna nini, mimi, mkuu wa shule, nilisema, "Hapumui vizuri." Yeye akasema, "Anavuta pumzi 34 kwa dakika, zilikuwa 28 tulipoanza kuhesabu, na hawezi tena kumaliza sentensi." Tabibu aliacha kuandika, akainuka.

Msichana yule alipona, akafanya mitihani yake. Siku chache baadaye mwalimu wa biolojia aliniambia kwamba kwa karibu mwaka mzima binti huyu alikuwa akimfuata baada ya vipindi kuuliza habari za mapafu, na kwamba kila swali alikuwa ameliandika kwenye daftari kabla hajaja.

Hayo ndiyo niliyoyaandika kwenye uwanja mtupu, pamoja na ile 34 na ile 28. Mhoji makini angeweza kujiuliza mtoto wa miaka kumi na saba alijifunzia wapi kuhesabu pumzi. Niliandika kwamba alikuwa ameuliza, ameelezwa na amejizoeza. Ni kweli tupu. Nilimsomea kwa simu kabla sijabonyeza kitufe cha kutuma. Alikaa kimya, akaniuliza kama bado ninakumbuka jina la msichana yule. Ninalikumbuka.

Mwezi wa tatu aliitwa kwenye usaili. Walimuuliza angefanya nini mgonjwa mwenye akili timamu akimwomba aondolewe mashine. Aliwajibu kwamba hilo si lake kuliamua peke yake, kwamba angemwita daktari na jamaa wa mgonjwa, na kwamba kama ingeamuliwa hivyo asingetoka chumbani hadi mwisho. Mmoja wa wahoji aliandika kwa muda mrefu. Hawakumuuliza kuhusu ndugu zake.

Barua ya kukubaliwa ilikuja mwezi wa tano. Masomo yanaanza Agosti. Amenitumia orodha ya vitu vya kukamilisha kabla ya kuingia wodini: chanjo ya homa ya ini, kipimo cha kifua kikuu, cheti cha kuurejesha moyo uliosimama, uchunguzi wa kumbukumbu za polisi, viatu visivyoteleza, saa yenye mshale wa sekunde. Nilicheka nilipofika kwenye saa. Anasema hiyo anayo tayari; iliyobaki ni ada ya muhula wa kwanza, na kwa ajili hiyo ameongeza zamu mbili za usiku kwa wiki.